Kiambatisho

Saa kumi na nusu, Makó. Theluji haijaamua kuanguka.
Orodha ya bei iko tayari, kurasa tatu:
vifungo vya pembe, vya mbao, vya shaba nyeusi,
na saizi ishirini na nne, iliyopanda senti mbili.
Kazi imekwisha. Kilichobaki ni sentensi moja tu
ya kumwambia Bwana Threlfall wa Huddersfield
kwamba orodha imo humu.

Sentensi moja, kwa Kiingereza chao.

Piroska, aliyekikalia kiti hiki miaka thelathini kabla yangu,
aliniachia daftari la jalada la kijani,
na ndani yake, kwa wino wa zambarau:
*Tafadhali pata, pamoja na hii, kilichoambatishwa.*
Ameipigia mistari miwili.
Naisoma kwa sauti. Pata?
Kwani kimepotea?
Namwona mzee wa watu amepiga magoti chini ya meza,
anapapasa vumbi, miwani imemshuka puani,
nami huku namhimiza: tafadhali, pata.

Nafuta.

*Naambatisha.* Basi bado nashona,
sindano i mkononi, na uzi haujakatwa.
*Nimeambatisha.* Mtoto mbele ya mama yake:
nimenawa mikono, nimekunja shuka.
*Kimeambatishwa.* Na nani?
Au kilijibandika chenyewe usiku, kama kupe?

Piroska alikuwa na bahasha.
Aliposema *imo ndani*, ilikuwa ndani kweli;
aliilamba gundi kwa ulimi wake mwenyewe,
na Huddersfield ilipokea, bila kujua, chembe ya mate ya Makó.
Mimi nalamba nini?

Kwetu twasema *mellékelve*,
na ukilichimba neno hilo hadi mzizini
utakuta kifua. Kuweka kando ya kitu
ni kukiweka ubavuni pa kifua,
kama mtu atokaye kwa mwoka mikate
na mkate wa moto chini ya koti.
Kiingereza hakina koti hilo.
Au kinalo, ila nililivaa kinyume:

mwaka wangu wa kwanza niliandika,
bila kupepesa jicho, *Mimi nimeambatana, orodha ya bei.*
Sikujua kwamba kwao neno lile lile
hubeba faili na hubeba moyo,
na kwamba aliyeambatana ni aliyenasa, habanduki.
Jibu lilikuja kesho yake kabla ya chai:
*Bibi Szalkai, nimefurahi kusikia hivyo.
Nasi huku tumeambatana nanyi. Ila orodha haikufika.*

Nilicheka, kisha nikaona haya, kisha nikacheka.
Miaka kumi na mmoja. Sijapata kuiona sura yake.
Najua goti lake la kushoto, najua mbwa aliyekufa Machi,
najua kwamba kifungo chenye matundu mawili hukiita bundi.

Jumatatu aliandika: *Ijumaa ndiyo siku yangu ya mwisho.
Baada ya hapo, tumeni kwa anwani ya idara.*
Idara haina goti.
Idara itataka sentensi safi, isiyo na mate,
na daftari la Piroska litaifaa sana.

Lakini leo ni Jumatano.
Naandika: *Orodha hii hapa.*
Maneno matatu, kama mtu anayenyoosha mkono.
Nayatazama. Yanatosha; yangetosha tangu mwanzo.
Kisha chini ya jina langu, kwa makusudi,
na kila kosa mahali pake:
*Mimi nimeambatana.*

Natuma.

Nje theluji imeshaamua. Nyokó pale mapokezi anazima taa moja moja.
Ninapofunga kompyuta naiona, dirisha la pili,
kurasa tatu, saizi ishirini na nne, senti mbili,
imetulia pale pale ilipokuwa, haijaguswa.

Naketi tena. Navua skafu.
Sina haraka ya kuandika barua ya pili.